Kukua Kiroho: Maswali Ambayo Waamini Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa hasa na watu wa aina mbili: aliyeokoka majuzi na bado ana moto, na aliyekaa kanisani miaka mingi kisha akashtuka kuona moto ule haupo tena. Majibu ni ya wote wawili. Yanaegemea Maandiko, na hapa na pale yanawaita Wakristo waliotutangulia, wa madhehebu mbalimbali, maana mengi yanayotusumbua leo yaliwasumbua na wao.

Nimeokoka. Mbona bado nina hasira zilezile?

Kwa sababu kuzaliwa ni jambo moja na kukomaa ni jingine. Petro anawaita waamini wapya "watoto wachanga" wanaopaswa kuyatamani maziwa ili waukulie wokovu (1 Petro 2:2). Siku ulipomwamini Kristo ulisamehewa kabisa na kufanywa mwana wa Mungu; hilo halina nusu wala robo. Lakini namna uliyozoea kujibu unapodharauliwa, kudanganya unapoogopa, au kushikilia kinyongo, ni mambo uliyojifunza kwa miaka. Wapo walioondolewa jambo zito kwa siku moja, ulevi kwa mfano, nao wana haki ya kumshukuru Mungu hadharani. Walio wengi huponywa wakiwa njiani.

Wanafunzi waliishi na Yesu mwenyewe, wakamwona akiponya na kufufua, na bado usiku ule wa karamu ya mwisho walikuwa wakibishana ni nani aliye mkubwa kati yao (Luka 22:24). Paulo, baada ya kukutana na Bwana karibu na Dameski, alikwenda Arabuni. Anasema ilipita miaka 3 ndipo akapanda Yerusalemu, na baadaye anataja tena miaka 14 (Wagalatia 1:17-18, 2:1). Huyo ndiye mtume mkuu wa mataifa, na Mungu hakuwa na haraka naye.

Kwa hiyo usikate tamaa, na wala usiizoee hasira yako. Mtu anayesema "ndivyo nilivyo, mnivumilie" ameshafunga mlango ambao Mungu alikuwa akiubisha.

Kukua kiroho ni nini hasa?

Ni kufananishwa na Kristo (Warumi 8:29). Basi. Kujua aya nyingi, kuomba kwa sauti inayotikisa ukumbi na kuwa na cheo kanisani vyote vinaweza kuwepo bila ukuaji wowote. Paulo anapoeleza kazi ya Roho ndani ya mtu, anataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi (Wagalatia 5:22-23). Ukiitazama orodha hiyo vizuri, utaona kwamba sehemu kubwa yake haiwezi kuonekana ukiwa peke yako chumbani. Uvumilivu unahitaji mtu anayekuchosha, na upole unahitaji mtu aliyekukosea huku uwezo wa kumlipiza unao.

Ni kazi yangu au ya Mungu?

Wafilipi 2:12-13 inajibu kwa pumzi moja: utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu. Amri iko upande wetu na nguvu iko upande wake. Kwa Wakorintho anasema alipanda, Apolo akatia maji, "bali mwenye kukuza ni Mungu" (1 Wakorintho 3:6). Na katika Marko 4:26-29 Yesu anasimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, mbegu ikaota na kukua, asivyojua yeye.

Watu hupotea kwa pande mbili hapa. Mmoja hukaa akisubiri Mungu ambadilishe, huku Biblia yake haijafunguliwa tangu Jumapili. Mwingine hujikamua: anakesha, anafunga, anahesabu saa za maombi, na moyoni anaamini kwamba Mungu atampenda zaidi akiongeza saa moja. Huyu wa pili namhurumia zaidi, kwa sababu kwa nje anaonekana kuwa mfano wa kuigwa, na hakuna anayemwambia apumzike. Maombi, Neno, kufunga na ushirika si malipo tunayompelekea Mungu. Kwa njia ya mambo hayo tunakaa pale anapofanya kazi yake. Yesu alisema, "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lolote" (Yohana 15:5), na alichowaagiza katika maneno hayohayo ni kukaa ndani yake.

Nianzie wapi kusoma Biblia?

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, na ukiisoma kwa mfululizo unaweza kuimaliza kwa muda usiozidi saa mbili. Isome hivyo angalau mara moja, yote kwa mkao mmoja, umwone Yesu akitembea. Kisha Yohana, Wafilipi na Yakobo; halafu Mwanzo na Kutoka, ili ujue hadithi ilianzia wapi. Zaburi isome sambamba na vyote hivyo, moja kwa siku. Ufunuo uuache kwanza. Utafika.

Wanaopenda kusoma Biblia nzima kwa mwaka hufanya vyema: yenye vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo sura tatu au nne kwa siku zinatosha. (Biblia za Wakatoliki na Waorthodoksi zina vitabu zaidi.) Wengi hukwama kwenye Mambo ya Walawi, kisha huona haya, kisha huacha kabisa. Ukikosa siku tano, usizilipe. Fungua sura ya leo uendelee.

Nasoma, lakini nikifunga kitabu sikumbuki kitu.

Pengine unasoma mengi mno kwa haraka mno. Katika karne ya 12 mtawa aitwaye Guigo, wa shirika la Wakartusi, alieleza njia ya hatua nne ambayo Wakristo walikuwa wakiitumia tangu zamani: kusoma, kutafakari, kuomba, na kukaa kimya mbele za Mungu. Haihitaji shule.

Chukua habari ya Bartimayo katika Marko 10:46-52. Isome polepole, ikiwezekana kwa sauti. Isome tena, mpaka neno moja likushike. Labda litakuwa swali la Yesu kwa yule kipofu: "Wataka nikufanyie nini?" Simama hapo. Kwa nini amuulize kipofu swali ambalo jibu lake liko wazi? Je, angekuuliza wewe leo asubuhi, ungejibu nini kwa ukweli, si kwa maneno ya kanisani? Sasa mwambie jibu hilo. Ndiyo maombi hayo. Kisha nyamaza kidogo, bila kutafuta kusikia sauti yoyote, ukiwa tu mbele zake.

Jambo la pili ni kukariri. Aya moja kwa juma inatosha. Siku utakapolazwa, au utakapokaa kwenye foleni ya habari mbaya, huenda usiwe na Biblia mkononi, na kilichomo kifuani ndicho kitakachokusemesha.

La tatu, lifanye ulilosoma siku hiyohiyo. Yakobo 1:22 inasema tuwe watendaji wa neno, si wasikiaji tu. Ukisoma habari za kusamehe, nenda ukampigie simu mtu yule. Hutaisahau sura hiyo.

Nikianza kuomba, maneno yananiishia au mawazo yanatangatanga.

Tumia maneno uliyopewa. Yesu alipoombwa awafundishe wanafunzi kuomba, aliwapa sala. Andiko la kale la Wakristo liitwalo Didake linawaagiza waamini wasali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Hawakuiona kuwa ni kusoma tu cha kukariri. Isali kipande kwa kipande, ukisimama kwenye kila ombi: leo "riziki" kwangu ni nini, na "waliotukosea" ni akina nani kwa majina? Zaburi nazo ni maombi yaliyokwisha kuandikwa, ya kila hali ya moyo, pamoja na hali ambazo wengine wangeona haya kuzitamka kanisani.

Mawazo yakitangatanga, angalia yamekwenda wapi. Mara nyingi huenda kwenye lile linalokuhangaisha kweli: ada, ugomvi wa kazini, uvimbe uliougundua jana. Usiyafukuze; yageuze kuwa maombi.

Na sauti si kipimo. Hana aliomba midomo ikitikisika bila sauti kusikika, mpaka kuhani akadhani amelewa (1 Samweli 1:13), na Mungu alimsikia. Anayeomba kwa sauti kubwa aombe, na anayenong'ona asihukumiwe. Siku ambayo hata kunong'ona kunashindikana, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Warumi 8:26).

Nina watoto wadogo na kazi ya kutwa. Saa nzima ya utulivu sina.

Hakuna aya inayodai saa nzima. Mama anayeamshwa mara nne usiku hapaswi kuongezewa mzigo wa kujiona mkosaji kwa sababu hakuamka alfajiri kuomba. Dakika kumi za uaminifu, kila siku, mahali palepale, zitamlea kuliko mkesha mmoja kwa mwezi. Tena kazi zenyewe zinaweza kuwa mahali pa kukutana na Mungu. Bruda Lawrence, mtawa Mkarmeli wa karne ya 17 mjini Paris, alifanya kazi jikoni kwa miaka mingi, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, na huko katikati ya masufuria alijizoeza kuzungumza na Mungu mpaka akaona hakuna tofauti kati ya saa ya kazi na saa ya sala.

Ila tuambiane ukweli, mpendwa. Baadhi yetu hatukukosa muda, simu imeula. Kama jana ulitazama video kwa saa moja kabla ya kulala, tatizo lako ni jingine na dawa yake ni nyingine: simu ilale chumba kingine.

Je, kufunga ni lazima?

Yesu alisema "mfungapo" (Mathayo 6:16), akichukulia kwamba wafuasi wake watafunga, na Didake inataja Jumatano na Ijumaa. Yesu hakuweka idadi ya siku. Kufunga hakumlazimishi Mungu kukubali ombi, na Isaya 58 inawakemea vikali waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa za kila siku, na aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima au kujilazimisha kula, wazungumze na daktari kwanza. Wanaweza kufunga mambo mengine, kama mitandao ya kijamii. Anayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani, usimsikilize, hata awe nani.

Sihisi chochote tena. Nikiomba ni kama naongea na ukuta. Je, Mungu ameniacha?

Hapana. Lakini swali hili linastahili jibu refu, maana ukavu huja kwa sababu tofauti, na anayetibu zote kwa dawa moja, yaani "ongeza maombi", huwaumiza watu.

Anza na mwili. Eliya, siku chache baada ya moto kushuka Karmeli, alilala chini ya mti uitwao mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Mazungumzo yalifuata baadaye. Kama umelala saa nne kwa usiku kwa miezi mitatu, huenda jambo la kiroho kuliko yote unaloweza kufanya usiku huu ni kulala mapema.

Kisha angalia kama kuna jambo umelificha. Daudi anasema aliponyamaza bila kuungama, mifupa yake ilichakaa kwa kuugua mchana kutwa (Zaburi 32:3). Mtu anayejua hasa ni jambo gani akisoma mstari huu hahitaji maelezo zaidi. Lakini kama umejichunguza kwa uaminifu na huoni kitu, acha kuchimba. Mungu si mtu wa kukununia bila kukuambia kosa lako.

Kuna pia sonona, ambayo ni ugonjwa. Ukiwa umepoteza hamu ya kila kitu, si ya maombi tu, usingizi na chakula vimevurugika kwa majuma, unajiona huna thamani au unawaza kufa, nenda hospitali, na umwambie mtu leo. Kumeza dawa ya sonona si upungufu wa imani, kama ambavyo kumeza dawa ya malaria si upungufu wa imani. Inanihuzunisha kwamba waamini wengi bado wanakemewa mapepo mahali ambapo walihitaji daktari na rafiki wa kuwaketia.

Na upo ukavu usio na sababu ya kuonekana. Zaburi 88 ni maombi ya mtu wa namna hiyo. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikasifu, ila hii inaishia gizani, na bado imo katika Maandiko Matakatifu. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefungwa Toledo mwaka 1577 na watawa wenzake, aliandika kuhusu usiku wa giza wa roho: kwamba Mungu anaweza kuondoa utamu wa sala ili mtu ajifunze kumpenda Mungu mwenyewe badala ya kupenda utamu ule. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kuwahudumia waliokuwa wakifa. Huyo hakuachwa. Wala wewe.

Ukiwa katika ukavu huo, punguza maneno, usipunguze kuwepo. Endelea kukaa mahali pako pa sala hata kwa dakika tano. Soma Zaburi 13, inayoanza kwa kuuliza "hata lini". Shiriki Meza ya Bwana. Mkate na kikombe havitegemei hisia zako. Waache wengine waamini kwa niaba yako kwa muda, kama wale wanne waliomshusha mwenzao darini, ambaye Yesu alimsamehe "alipoiona imani yao" (Marko 2:5).

Nimeanguka tena katika dhambi ileile. Naona haya hata kutubu.

Haya hiyo ndiyo inayokurudisha dhambini. Mtu anayejichukia baada ya kuanguka hutafuta kitu cha kumtuliza, na kilicho karibu zaidi ni dhambi ileile. Toba ya kweli humtazama Mungu. Kujichukia hujitazama tu. 1 Yohana 1:9 iliandikwa kwa waamini: tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Haisemi mara ngapi.

Ila kuungama peke yako, gizani, mara mia, mara nyingi hakutoshi kuvunja zoea. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana, tupate kuponywa. Katika makanisa yenye kitubio, tumia sakramenti hiyo. Kwingineko mtafute mtu mmoja, mkomavu, wa jinsia yako, asiyesambaza maneno. Mwambie jambo lenyewe kwa jina lake, si "naomba mniombee nina changamoto". Kisha chunguza kuanguka kwako kunaanzia wapi. Hakuanzii pale ulipoanguka. Huanza saa mbili kabla, katika upweke, uchovu, ugomvi, au mtu fulani uliyekubali kukutana naye. Ziba hapo.

Kama dhambi yako imemnyang'anya mtu kitu, rudisha. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Na kama dhambi yenyewe ni kumpiga mwenzi au kumdhuru mtoto, hiyo si vita yako ya siri ya kiroho. Usalama wa unayemuumiza unatangulia toba yako, na ni lazima watu wenye mamlaka wajue.

Naweza kukua bila kanisa?

Kwa muda, kama umefungwa gerezani au unaumwa, Mungu atakulisha. Kama njia ya maisha, hapana. Agano Jipya limejaa amri ambazo huwezi kuzitii peke yako: mchukuliane mizigo, msameheane, muonyane, mkaribishane. Waamini wa kwanza walidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali (Matendo 2:42), na mambo hayo yote waliyafanya wakiwa pamoja.

Ibada kubwa ya Jumapili haitoshi kwa hili. Mtu anaweza kuingia na kutoka mwaka mzima bila kuulizwa anaendeleaje. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliligundua hilo mapema. Mwaka 1742 huko Bristol, katika mpango ulioanza kama njia ya kuchangia deni la jengo, waamini waligawanywa katika vikundi vya watu kama 12, na punde viongozi wakaona kwamba kutembeleana kule kunafichua hali za roho kuliko mahubiri. Tafuta kundi la namna hiyo. Likikosekana, watu wawili na wewe mnatosha kuanza.

Na kama kanisa ndilo lililoniumiza?

Pole. Hutakiwi kurudi pale na kunyamaza. Kanisa ambalo kiongozi haulizwi swali, hesabu za fedha ni siri, na anayeondoka hutishiwa laana, ni mahali pa kutoka. Chukua muda, tafuta mtu wa kukusikiliza, na ukiwa tayari, tafuta kusanyiko dogo ambalo watu wake wanaombana msamaha waziwazi. Kama ulichotendewa ni uhalifu, ripoti. Kusamehe hakuzuii sheria kufanya kazi yake.

Ninatumika sana kanisani, lakini ndani nimekauka.

Kwaya, vijana, usafi, kamati ya ujenzi, kufundisha watoto. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu mara nyingi makanisa yetu humchosha aliye mwaminifu na kumwita shujaa mpaka aanguke. Siku moja asubuhi watu wote wa Kapernaumu walikuwa wakimtafuta Yesu, wagonjwa wakiwepo bila shaka, naye alikuwa mahali pasipo watu akiomba. Alipoambiwa "Watu wote wanakutafuta", alijibu kwamba waende vijiji vingine (Marko 1:35-38). Aliyaacha mahitaji ya kweli bila kuyatimiza, kwa sababu alijua alichotumwa.

Mwambie mchungaji au padri wako kwamba unaweka chini huduma mbili kwa miezi kadhaa. Usiombe radhi sana. Kama unaogopa kwamba bila huduma hiyo hutakuwa mtu, basi una sababu nyingine ya kuiweka chini.

Mbona mtumishi fulani ana karama kubwa, ila tabia yake inasikitisha?

Kwa sababu karama hutolewa na tabia hukuzwa. Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote (1 Wakorintho 1:7), na sura mbili mbele Paulo anawaita watoto wachanga katika Kristo kwa ajili ya wivu na fitina zao. Usimwige mtu kwa sababu mikutano yake inajaa. Angalia anavyowatendea asiowahitaji.

Vivyo hivyo kuhusu mafuta, maji, vitambaa na unabii wa kulipia: hakuna kitu cha kununua kitakachokukomaza.

Nina mashaka. Je, imani yangu imekufa?

Baba aliyemleta mtoto wake kwa Yesu alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mtoto wake akaponywa. Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma watu kumuuliza Yesu kama kweli ndiye (Mathayo 11:3), na Yesu alimsifu mbele ya umati. Yapeleke mashaka kwa Mungu na kwa mtu mwenye elimu asiyeogopa maswali. Yanayooza ni yale yanayofichwa.

Nitajuaje kama ninakua?

Usijipime kwa juma. Jilinganishe na wewe wa miaka miwili iliyopita. Je, unaomba msamaha mapema kuliko zamani, na bila kuongeza "lakini na wewe"? Je, unaweza kusikia mwenzako akisifiwa bila kuchomeka? Pesa ikikutoka kwa ajili ya mwenye shida, unaumia kama zamani? Waulize wanaoishi nawe nyumbani, sio wanaokuona madhabahuni. Jibu lao ndilo ningeliamini kwanza.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: unaiona dhambi yako kuliko mwanzo, ukadhani unarudi nyuma. Paulo kwa Wakorintho alijiita mdogo katika mitume (1 Wakorintho 15:9). Kwa Waefeso, mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote (3:8). Kwa Timotheo, kati ya wenye dhambi yeye ni wa kwanza (1 Timotheo 1:15). Hakuwa akiharibika. Alikuwa akisogea karibu na nuru.

Zoezi moja la kusaidia ni lile ambalo Ignasi wa Loyola (1491-1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwafundisha wenzake: kabla ya kulala, pitia siku yako pamoja na Mungu. Shukuru, omba mwanga, tazama saa kwa saa ulipomkaribia na ulipomkimbia, tubu, kisha kabidhi kesho. Dakika kumi hivi.

Mwanangu, aliyelelewa katika imani, amerudi nyuma. Nifanye nini?

Monika alimwombea mwanawe Augustino, ambaye baadaye alikuwa askofu na mwalimu mkuu wa Kanisa, kwa miaka mingi, kwa machozi. Alimwendea askofu mmoja aliyeyajua vizuri Maandiko, akamsihi ajadiliane na kijana wake amwonyeshe makosa yake. Askofu alikataa. Alisema kijana hayuko tayari kufundishika, amwache kwanza, azidi kumwombea. Augustino aliongoka Milano mwaka 386 na kubatizwa na Ambrosi, askofu wa mji huo, usiku wa Pasaka mwaka 387. Monika alifariki mwaka huohuo, baada ya kuyaona.

Shauri la askofu yule bado ni zuri. Kama ni mtu mzima, acha kumtumia mahubiri kila asubuhi, anajua unachoamini. Mwombee kwa jina kila siku. Mwite nyumbani bila mtego wa ibada mwishoni. Kama uliwahi kumlea kwa ukali uliomfanya amwone Mungu kuwa mkali vilevile, mwombe msamaha, waziwazi na kwa mifano, bila kudai arudi kanisani kama malipo. Muulize nini kilimtoa, kisha umsikilize mpaka amalize, hata kama anachosema kinakuchoma. Akikuuliza swali kuhusu imani, mjibu kwa ufupi, na kama jibu huna, mwambie huna na kwamba utalitafuta.